Mama Mkwe Hapitwi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, sogezeni redio. Leo tunamkumbuka fundi Bulaimu, aliyetangulia mbele ya haki Jumanne hapa Kindu, akiwa na miaka sabini na mmoja. Fundi Bulaimu, mwenye Mama Mkwe.

Vijana hamumjui Mama Mkwe. Ilikuwa gari, Peugeot kuukuu ambayo Bulaimu aliifumua akaiunda upya kwa mikono yake. Kiangazi cha 1997 ilishindana mara saba kwenye njia ya udongo nyuma ya mji, ikashinda mara saba. Saba kwa saba, wasikilizaji. Watu wakaiita Mama Mkwe, maana hakuna mwenye adabu zake anayempita mkwewe. Bulaimu aliunda, mdogo wake Djuma aliendesha, na kombe likakaa juu ya kabati la Rachida, mke wa Djuma.

Mwaka uliofuata vita vikafika. Askari walichukua kila chenye magurudumu. Bulaimu akaifungua gari yake kwa siku moja, akavitawanya vipande mtaani. Mlango mmoja ukawa meza ya jikoni kwa jirani yake Ferdinand. Injini ikazikwa chini ya banda la kuku. Usukani akampa Rachida. Mtaa mzima ulijua, mtaa mzima ukafunga mdomo, tena kwa kujisifu.

Askari walikuja asubuhi.

"Gari iko wapi?"

"Haiko," Bulaimu akajibu. "Ilikufa."

Mkubwa wao akacheka. "Basi dereva atatembea kwa miguu."

Wakamtwisha Djuma sanduku la risasi, alibebe hadi Kampene. Djuma akamgeukia kaka yake.

"Yaya, uwaambie."

Yaya, yaani kaka mkubwa, hakusema. Miaka baadaye alimweleza binti yake, Safia, alichowaza siku ile: "Nilisema mu roho, mutu anarudiaka, gari hairudiake." Na kweli, wengine waliobebeshwa mizigo walirudi baada ya siku chache. Djuma hakurudi. Hata kaburi lake halijulikani.

Inaniuma kuyasema haya juu ya marehemu, lakini nitayasema. Amani iliporudi, Bulaimu alikusanya vipande vyake vyote. Injini ikawaka. Ulibaki usukani tu. Kila Ijumaa, baada ya swala, alikwenda kwa Rachida kuuomba. Aliuomba usukani, wasikilizaji. Jina la Djuma hakulitaja hata mara moja, kwa miaka ishirini na zaidi. Na Rachida alimjibu neno lile lile: "Lete ule mwenye alikuwa anaushika, nitamupa."

Jumatano, kwenye matanga, Rachida alifika na usukani umefungwa katika kitenge. Watu wakanong'onezana kwamba mama amesamehe. Mzee Ferdinand akajikongoja kuufungua mlango wa gari iliyosimama uani, ule ule aliolia ugali juu yake wakati wa vita. Rachida akaipita gari bila kuitazama. Mama Mkwe akapitwa kwa mara ya kwanza.

Aliketi kati ya wanawake, usukani mapajani, akalia kwa sauti. Safia akamshika mkono kumshukuru.

"Mutoto yangu," Rachida akamwambia, "siko nalilia baba yako. Nalilia bwana yangu. Yeye hakupata matanga."

Alipomaliza kulia, aliuchukua usukani wake akarudi nao kwake.

Wasikilizaji wapendwa, pole zetu kwa Safia na ndugu zake. Mungu amrehemu fundi Bulaimu, mkono wake ulikuwa na kipaji, hilo hatumnyimi. Na pole kwa Rachida, kwa kumpoteza Djuma, dereva wa Mama Mkwe, mshindi mara saba. Pole hii imechelewa miaka ishirini na saba.

Nanyi mliopiga makofi kiangazi kile, mkaficha tairi uvunguni mwa kitanda, mkamwona Djuma akipita na sanduku kichwani. Yeyote kati yenu angeweza kusema. Jiulizeni leo kilichowaziba mdomo. Rachida bado yuko nyumba ile ile, na njia ya kufika kwake mnaijua.