Mgunga wa Korongo

Pale njia ya Kola inapoachana na ya mjini, mbele ya kibanda cha kahawa cha Mama Ndila, kuna benchi lisilokosa watu wala maneno. Pembeni lina kibao cha kuwekea daftari la Nzioka, mwalimu mstaafu anayeitwa Sensa kwa kuwa huu ni mwaka wa kumi na mbili anahesabu ndege wa silanga, lile bwawa la bondeni. Kila mwaka ana orodha mpya, na mstari wa kwanza ni wa korongo, waliomfanya aanze kuandika. Asichokiona kwa macho yake hakiandiki. Asubuhi hiyo ya mwisho wa Desemba orodha ilikuwa na aina tisini na nne za ndege, na mstari wa kwanza mtupu. Mgunga wa korongo, mti pekee walikojenga viota, ulikatwa Februari, Sensa akiwa Syokimau kwa binti yake tangu kabla ya mwaka kuanza, na tangu hapo hasira haijamtoka.

— Nataka jina! alifoka, akilipiga daftari kwenye kibao. Jina moja tu! Nani alikata hiyo mti?

— Hiyo ni watu wa kokoto wa Lukenya, alisema Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, akiwa shahidi wa kesi ya mbuzi.

— Watoke mbali huko Lukenya wakuje kukata mti mmoja?

— Mwalimu, haba na haba hujaza kibaba. Wanaanza na mmoja.

— Niondolee hiyo kibaba yako hapa!

Injinia, fundi wa pampu za maji, alikuwa akiviangalia viatu vyake.

— Mimi naona korongo walienda tu wenyewe, alisema. Wazungu huwavalisha pete kwa mguu. Si mnajua, chanda chema huvikwa pete? Sasa wameolewa huko Ulaya, warudi huku kufanya nini?

— Wote? Dume na jike? aliuliza Wakili.

— Wote.

— Na mahari nani alikula? aliuliza Mama Ndila, akimimina kahawa.

Benchi zima likacheka. Sensa hakucheka. Aliona moyoni kwamba hawa wangecheka hata kama silanga ingekauka yote, na jambo hilo lilimuuma kuliko kisiki chenyewe.

— Basi ni satelaiti, Wakili aliongeza. Mtu wa Mitaboni aliniambia ikipita juu ikiona mti mrefu, inataka uangushwe. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

— Satelaiti haishiki msumeno, Wakili! Sensa alisimama. Nimeona kisiki! Imekatwa sawasawa kama mkate. Mtu wa hapa hapa, anakula muthokoi kama mimi, alisimama chini ya viota kumi na moja, makinda yanalia juu, akakata. Na ananisalimia! Kila asubuhi huyo mtu ananisalimia!

Mwanamke mmoja mgeni, aliyekuwa ameketi mwisho wa benchi na kikapu chake cha kyondo akingoja gari la Kola, alipitisha kiganja juu ya mbao.

— Samahani wazee. Hii benchi ni nzuri sana. Mlichonga na mti gani?

Wakili alitafuta methali, akaikosa. Mama Ndila alianza kupangusa vikombe vilivyokuwa vikavu. Injinia hakuinua macho.

— Mwalimu, ulikuwa unaandikia kwa magoti, alisema polepole. Kila siku unalalamika mgongo. Ilikuwa inatuuma.

Sensa alikitazama kibao. Hakikuwa na fundo hata moja. Siku aliporudi kutoka Syokimau alikisifu mwenyewe, akamwombea baraka aliyekichonga, na miezi kumi ameandikia juu yake. Hasira ilikuwa bado imemjaa kifuani, ila sasa hakujua aitupie nani.

Aliliondoa daftari, akavuka njia, akaketi juu ya jiwe na kuliweka magotini. Kwenye mstari wa kwanza akaandika: Korongo, sikuwaona. Akaandika kwa shida, mgongo umempinda.

— Mwalimu, kahawa yako inapoa! Mama Ndila aliita.

— Iache ipoe.

Mmoja mmoja, wengine nao waliinuka, wakasimama na vikombe mkononi. Kwenye benchi alibaki yule mgeni peke yake, bado akingoja jibu.