Shangazi Kiini Hakunyanyuka Kitini

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kompyuta cha hospitali yetu, Shangazi Kiini anastaafu tarehe 30 Juni. Jina hilo alipewa na wauguzi, kwa kuwa kazi yake ni kutunza kiini cha mfumo endeshi: sehemu inayoamka kwanza kompyuta inapowashwa, kisha ikaziamsha nyingine.

Aliingia hapa kufunga nyaya, akabaki kuandika programu.

Wakongwe tunaikumbuka asubuhi ya printa. Umeme ulikatika, ukarudi, lakini kompyuta za mapokezi zikagoma na foleni ya wagonjwa ikafika getini. Kumbe sisi wenyewe tulikuwa tumekiagiza kiini kikague kila kifaa kabla ya kuruhusu kazi, nacho kilikuwa kikiisubiri, kwa adabu zote, printa iliyopelekwa kwa fundi. Shangazi alicheka mpaka akatafuta kiti, kisha akaketi kurekebisha.

Katika kikao cha kujadili mkasa huo, mkuu wa idara alitaka ukaguzi uongezwe. Shangazi akamjibu kwamba anayeamka wa kwanza nyumbani huwasha taa na kufungua mlango. Haanzi kuwachana watoto wote nywele. Kiini kipange kumbukumbu, kiamshe saa na diski, kianzishe programu ya kwanza, kisha kikae nyuma kimya na kuziacha nyingine zifanye kazi. Printa itakuja kwa wakati wake. Mshika mawili moja humponyoka, alimalizia, na wewe kaka umeshika hata yasiyo yako. Mkuu alicheka kwa shingo upande, na ukaguzi ukafutwa.

Mwaka huu mkuu huyohuyo alimsihi asiondoke, akihofu kwamba mashine zikigoma hatutajua pa kuanzia. Shangazi akaweka sharti: umeme ukikatika naye akalazimika kunyanyuka kitini, atabaki mwaka mzima. Dada yake, aliyekwisha kumpakia rangi chumba cha kuhamia kwake, hakufurahia hata kidogo.

Umeme ulikatika Jumanne asubuhi, mapokezi yamejaa. Uliporudi, Shangazi alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Sote tukamgeukia.

"Mnanitazama mimi wa nini?" akasema. "Tazameni skrini."

Skrini zikawaka moja baada ya nyingine. Mgonjwa wa kwanza akaitwa. Printa ikaamka mwishoni kabisa, kama mgeni anayefika sahani zikikusanywa. Chai ilikuwa bado ya moto, na mkuu, bila kuulizwa, akaenda kumwongezea.

Asante, Shangazi, kwa ukali wako usio na kinyongo, na kwa kutupokea sisi tuliofika hapa kutoka mbali, hatujui hata mlango wa kuingilia. Nenda kwa dada yako. Chumba kimekauka rangi. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na asubuhi zisizo na haraka. Umeme ukikatika, usishtuke. Huku kutawaka.