Kilio ya Kasonde Nyuma ya Tribini: Maisha ya Mama Nkandu Régine

Bazazi, majirani, na bote benye kukuya kulia na sisi, jamaa inaomba mutege masikio.

Mama Nkandu Régine alizaliwa pa Mokambo tarehe 4 mwezi wa tatu 1949, mutoto wa pili wa Chileshe na Agnès, akasoma kwa basista pa Kipushi mpaka 1965, miguu yake mirefu ikisoma basket kuliko kichwa kusoma vitabu. Mwaka 1969 kampuni moja ya hapa Lubumbashi ilimuingiza mu ekipe yake ya basket ya banamuke, ikamupa mushahara na nyumba, lakini kontra, ile karatasi ya mapatano ya kazi, ilisema muchezaji mwenye kubeba mimba anapoteza vyote viwili, congé, ni kusema pumziko ya kuzaa, haikuwako.

Tarehe 12 mwezi wa nane 1972 aliolewa na Zéphirin, fundi wa reli, mwenye kuvunjika muguu mwaka wenye kufuata, nyumba yote ikabakia kula kwa mikono ya Nkandu. Njo pale mimba iliingia, na woga pamoja nayo: mulango ukigongwa anashituka, patron, mukubwa wa kampuni, akimuangalia anashituka, mpaka kapiteni Bijou akaombea ekipe yote maillot mipana, zile nguo za kuchezea, eti ni mode ya Kinshasa. Tumbo ilipokatala kufichama, alikimbilia Mokambo, benzake bakamwambia patron goti imevimba, na ile goti ikazaa mutoto muanamuke, Kasonde, tarehe 19 mwezi wa tano 1974.

Alirudia kucheza mbio mbio, mutoto akiwa mu mugongo ya Constance, yaya yake Nkandu, dada yake mukubwa, nyuma ya tribini, pale bantu banakaa kuangalia mechi. Siku ya mechi na ba Kipushi, Kasonde akalia njala, maziwa ya mama ikamusikia, maillot ikalowana pa kifua, na patron alikuwa pale karibu. Nkandu akakauka sawa muti. Bijou akakamata ndoo ya maji, akajimwangia, benzake bote bakajimwangia.

“Munafanya nini, banamama?” patron akauliza.

“Joto, patron! Na weye unataka?”

Bantu bakacheka, patron naye akacheka, Nkandu peke hakucheka.

Mutoto wake wa pili, Stanislas, alizaliwa 1979, mama akisha kuacha mpira, lakini woga haikumuacha. Ugonjwa ya moyo ilimuangusha mwezi wa pili 1988, na mu homa alikuwa anauliza: “Yaya Constance, mutoto analia? Patron iko anasikia?” Alitutoka tarehe 2 mwezi wa ine, saa tatu ya asubuhi, akishika mukono ya Kasonde.

Tunashukuru badokta, majirani benye kuleta unga na makala ya kupikia, na ekipe yake, benye kukaa pale mbele: Bijou, leo nguo zenu zimelowana tena, na machozi, na hakuna patron wa kudanganya.

Kasonde, mwana wetu, lia na sauti yote, mama yako haogope tena.

Pumzika na amani, Nkandu.