Padre Bogumil Sroka na Mawe ya Njia ya Kanisa

Padre Bogumil Sroka alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 kijijini Wilczary, mashariki mwa Poland, mtoto wa pili wa seremala Antoni Sroka na mkewe Genowefa. Alisoma shule ya kijijini, kisha seminari ya Lublin, akapewa upadre Juni 1966. Ndoa hakuwa nayo. Dada yake Teofila ndiye aliyempikia, na kumsuta kwa kula akiwa amesimama.

Mwaka 1974 aliletwa hapa Zabrodek kuwa paroko. Kiangazi cha 1989 mafundi waliokuwa wakitengeneza njia ya kanisa waligeuza mabamba ya mawe wakakuta maandishi ya Kiebrania. Yalikuwa mawe ya makaburi ya Wayahudi wa mji huu, yaliyong'olewa baada ya jamii yao kuuawa mwaka 1942. Wazee walijua. Padre, aliyeyakanyaga miaka kumi na mitano, hakuambiwa.

Aliwapa watoto wa katekisimu kazi ya kuyaosha, akawafundisha Maangamizi ya Wayahudi, pamoja na chuki iliyohubiriwa makanisani kabla ya mauaji hayo.

“Padre, nimemleta mtoto ajifunze Baba Yetu,” Bi Wanda Kulik alimfokea, “wewe unampa brashi!”

“Kama huyo ni Baba Yetu, Wanda, hawa walikuwa watoto wa nani?”

Mawe yalirudishwa makaburini. Januari iliyofuata Padre alizunguka kubariki nyumba, kama ilivyo desturi baada ya Noeli. Milango haikufunguliwa. Kwa Bi Wanda alisikia sauti ndani: “Mwambieni hatupo.”

Akajibu kutoka kwenye theluji, “Basi nawabariki msiokuwepo!”

Teofila alicheka aliposimuliwa. Padre mwenyewe hakucheka. Alizunguka kila Januari, na kila Januari alirudi nyumbani mapema zaidi. Aliendelea kufundisha somo lile lile. Mwaka mmoja hakuja mtoto hata mmoja.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2012. Januari ya mwaka huu hakuweza kutoka. Bi Wanda akaja mwenyewe, akaketi bila kuvua koti.

“Padre, kwangu limebaki jiwe moja. Ndilo kizingiti cha banda la bata. Marehemu baba aliliweka.”

“Na wewe?”

“Mimi nimelikanyaga.”

“Nikipata nafuu tutalitoa pamoja.”

Hakupata nafuu. Alifariki tarehe 2 Februari 2014, hospitalini Lublin, kabla ya saa ya kuwaona wagonjwa.

Ameacha dada, Teofila, na mpwa, Jolanta. Baada ya maziko haya Bi Wanda anahitaji watu wanne wa kubeba jiwe hadi makaburi ya Wayahudi. Hadi wasifu huu unachapwa, amejitokeza mmoja.

Mungu ampokee Padre Bogumil, apumzike.