Kunde za Huruma

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mwalimu Yudith, mwanzilishi na mwenyekiti wa kikundi cha haiku cha hapa Makorora, wazee wetu wa mashairi mliotoka Pongwe na Kigombe, ambao najua baadhi yenu mmekuja kutuchunguza zaidi ya kutusikiliza, ndugu wageni waalikwa, wanakikundi wenzangu, na wewe, Baba Sabra, uliyewahi kiti cha chini ya feni kabla ya wageni: assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, wakubwa wangu shikamooni, na wadogo zangu nangoja mniamkie.

Jina langu Mwamvua. Nimepewa heshima ya kufungua mkutano huu, wa kwanza kikundi kuwafungulia watu mlango, na nimejiuliza sana: kwa nini mimi? Humu ndani mna walimu, mna mafundi, mna watu wa maneno, na mimi kazi yangu kikundini ni kupika chai. Mwalimu Yudith akanijibu, "Bi Mwamvua, waeleze tu ilivyokuwa kwa mzee." Basi nitaeleza, na mzee mwenyewe, mume wangu Masoud, huyo huyo Baba Sabra wa chini ya feni, yupo hapa, akiona natia chumvi ataguna.

Wazee wa mashairi mnamjua. Ni harusi gani mtaani kwetu, ni Maulidi gani, ambayo Masoud hakusimama na beti zake thelathini, na akakaa chini watu bado wanadai nyingine? Nyumbani alikuwa akitaka maji ya kuoga anayaomba kwa vina na mizani, na nikimchelewesha ananiongezea beti nne za lawama. Nilikuwa nachoka naye, sifichi.

Mwaka juzi, masika yakikaribia, akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, ulimi ukakwama. Neno analijua, yuaona kitu anachokitaka, lakini halitoki. Anataka kikombe, anaishia kwenye "ki", machozi ya hasira yanamshuka. Baada ya muda akaacha hata kujaribu. Akageukia ukuta. Mnajua kuishi na mshairi aliyenyamaza? Mtu akinusurika mnashukuru, na sisi tulishukuru, lakini mimi niliogopa, tena niliogopa sana, kwamba nimebakishiwa mwili wa mume wangu na yeye mwenyewe ameshaondoka.

Siku moja akaja Mwalimu Yudith kumjulia hali. Ni jirani yetu, Mlutheri wa kutoka milimani, mtu wa sauti ndogo. Akakaa kitandani karibu na miguu ya mgonjwa, akasema, "Shikamoo mzee. Nina kashairi, ni kafupi, naomba nikusomee." Akasoma:

Paa lavuja;
paka kahama kiti,
kaja pajani.

Mume wangu akageuka kutoka ukutani. Akahesabu kwa vidole vya kushoto, akakunja uso, midomo ikahangaika, hatimaye akasema: "Vina… viko… wapi?"

Ndugu zangu, hiyo ndiyo sentensi yake ya kwanza tangu augue! Hakuniita jina, hakumshukuru Mola, alianza kwa kulalamika. Nami nikatoka uani nikapiga vigelegele, mpaka majirani wakaja kuuliza nani amejifungua.

Mwalimu akamweleza kwamba haiku, shairi fupi la Kijapani, haidai vina. Ni mistari mitatu, mizani tano, kisha saba, kisha tano; unataja ulichokiona, unagusa majira yake, kama ni masika ama kipupwe ama wakati wa embe, unawaachia wengine wamalize wenyewe. Masoud akasema, "Si shairi." Lakini Mwalimu alipokuja tena siku ya pili akamkuta na lake, alilolihangaikia tangu alfajiri, eti amwonyeshe linavyotakiwa kuwa. Beti thelathini zilikuwa zimemshinda. Mistari hii mitatu mifupi pumzi yake iliifikisha.

Hivyo akaingia kikundini. Na wageni wetu, mjue utaratibu wetu, maana leo na nyinyi mtaufuata. Kila mtu huleta haiku moja bila jina. Mwalimu huzinakili zote kwa mwandiko wake, huzipanga mezani, na kila mmoja hupita na punje moja ya kunde, akaiweka kwenye shairi lililomgusa. Lako mwenyewe huliwekei. Kunde zikishahesabiwa, ndipo mwenye shairi husema, "Langu." Hapo hakuna mzee wala kijana, hakuna shekhe wala mwalimu.

Sasa, mwezi mmoja mezani palikuwa na hili:

Mkono huu
ulioshika kalamu
leo walala.

Je, nani hakujua ni la nani? Kunde zikaanza kumiminika hapo, ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mashairi mengine karibu yote yakabaki makavu. Watu wakapiga makofi, wengine wakajifuta macho. Mimi nilikuwa mlangoni na birika langu nikifurahi. Masoud akainuka, akazikumba zile kunde zote kwa mkono wake mzima zikatapakaa sakafuni, akasema, "Mmenizika." Tukarudi nyumbani.

Hakwenda mwezi uliofuata, wala ule mwingine. Mwalimu alikuja kuomba radhi, akaitikiwa kwa kichwa. Na yule mtu wangu aliyeanza kurudi, nikamwona anageukia ukuta tena. Mlimfanyia ubaya? La. Mlimhurumia, wapenzi wangu, na huruma yenu ilitaka kunichukulia mume kwa mara ya pili.

Aliyemrudisha ni Najat, mwanakikundi mwenzetu, huyu mnayenunua vitumbua vyake asubuhi, ambaye ulimi wake hauna breki. Alikuja alasiri moja, hata hakukaa. "Babu," akasema, "lile shairi lako lilikuwa baya. Mstari wa katikati umefurika, una mizani nane, na lote zima lilituomba tulie. Nami nililiwekea kunde, kwa sababu niliuona mkono wako ulivyolala. Sikulipenda." Nilikuwa jikoni na mwiko. Nikatoka nao, na wallahi nilidhamiria. Lakini mume wangu akanizuia kwa kiganja, akasema, "Kaa… Najat. Endelea."

Wakabishana. Yeye kwa neno mojamoja, binti kwa maneno mia, mpaka adhana ya magharibi ikawakatiza. Nikakaa na vitunguu vyangu, nikalia kwa raha, maana ilikuwa imepita miezi na miezi sijamsikia mume wangu akigombana na mtu.

Jumamosi ya mkutano uliofuata alitangulia kuvaa. Akapeleka hili:

Embe la kwanza;
mke kanipa kokwa
ninyonye mimi.

Ni uongo mtupu, na Mungu ananiona! Na halikupata hata kunde moja. Mwenyewe akasimama mbele ya kila mtu, akasema "Langu!" kwa sauti, akicheka na upande mmoja wa mdomo. Njia nzima akanisimulia kosa lake lilipokuwa, na tulipofika akadai chai, akadai na vitumbua. Tangu hapo hajageukia ukuta.

Mheshimiwa Diwani, wageni wetu, leo mashairi yamepangwa pale mezani, na moja ni la kwake. Silijui, amekataa kuniambia. Nawaomba kwa heshima zote, msilitafute. Msinuse ni lipi lenye harufu ya ugonjwa. Likikugusa, weka kunde yako. Lisipokugusa, lipite kama unavyolipita la mtu mwingine yeyote, maana kwa kulipita mtakuwa mmemhesabu miongoni mwa washairi.

Nilitaka kusema na mengine, lakini naona mkono wa kushoto umeinuka pale chini ya feni. Nilijua tu. Ni hilo la kokwa, anataka kunijibu. Haya, Baba Sabra, simama. Na nyinyi, jamaa zangu, akikwama msimsaidie neno. Mwacheni alitafute, atalipata. Mmenisikiliza kwa subira, nawashukuru sana. Sasa msikilizeni yeye.