Mvinyo wa Mwisho wa Settimia

Padre, majirani wa Poggio Sant'Elpio, na ninyi mliopanda kilima hiki mkitokea Jesi na Ancona, familia imenituma mimi, Quinto, kaka wa marehemu, niwasomee maisha yake, na kwa kuwa mwenyewe hakupenda maneno mengi kanisani, nitajitahidi nisiwachoshe.

Settimia Baldoncini alizaliwa tarehe 11 Novemba 1951 hapa hapa kijijini, mtoto wa saba wa mzee Primo na mama Argentina, waliolima shamba la bwana mwenye ardhi kwa kugawana mavuno nusu kwa nusu, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Martino, siku ambayo kila nyumba huonja mvinyo mpya, baba alichovya kidole kwenye bilauri akampaka mtoto mdomoni, mtoto akakunja uso, baba akarudi kulionja pipa na kukuta kweli limeharibika. Baba alikuwa na tabia ya kutia chumvi, wote tunajua, lakini ndivyo ilivyosimuliwa nyumbani.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1957 hadi 1962, akajifunza cherehani kwa masista wa Jesi, na mwaka 1967 akaajiriwa kwenye kiwanda cha mashati, alikofanya kazi mpaka tarehe 27 Aprili 1974, alipofunga ndoa katika kanisa hili na Elvio Carbonari, kijana mwenye masikio makubwa na mizabibu ya Verdicchio, zabibu nyeupe za huku kwetu, iliyopandwa na babu yake. Tarehe 3 Machi 1976 Mungu aliwajalia mtoto wao wa pekee, Loredana, ambaye yuko nasi kutoka Torino, na ambaye kwa bahati mbaya hata tone la mvinyo humletea kipandauso.

Mizabibu ile Elvio aliirithi bila dawa za kiwandani na akailea hivyo hivyo, mrututu na salfa basi, na wapo waliomcheka miaka ya themanini wakati wao wananyunyiza kila kilichouzwa dukani, ambao leo wameandika kilimo hai kwenye chupa zao kwa herufi kubwa, na mnajijua.

Tarehe 9 Oktoba 1998 Elvio alianguka kutoka kwenye trekta akagonga kisogo, na alipozinduka hospitalini hakusikia harufu ya kahawa, wala ya kitu kingine chochote mpaka leo. Ilikuwa siri ya nyumba, maana nani atanunua mvinyo wa mtu asiyenusa, na leo naisema kwa ruhusa yake. Tangu hapo, kila Jumamosi, Elvio alichota bilauri kutoka kwenye tangi, akaipeleka jikoni, akasimama na kofia mkononi kama anayesubiri majibu ya daktari, na Settimia akaonja, akamweleza kwa vitu vya jikoni, ganda la limau, tofaa bichi, ule uchungu wa lozi unaobaki mwishoni, kisha akatoa hukumu, "Bado una hasira, uache mpaka Jumamosi," na Elvio akauacha. Mvinyo mliokunywa kwenye harusi zenu, mweupe, mwepesi, wa kuamsha mdomo, wote ulipita kwenye ulimi ule.

Mwezi Februari 2021 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akaanza matibabu huko Ancona. Dawa zilimwondolea nywele, hizo alizicheka, zikamwondolea na ladha, hilo hakulicheka. Novemba ile alinivuta pembeni akaniambia kwamba kila kitu kinywani ni chuma, hata mkate, na nisithubutu kumwambia Elvio. Akaendelea kuonja kila Jumamosi kwa kukumbuka tu, limau, tofaa, lozi, na tangi kubwa lililoachwa bila kujazwa hadi juu likaingiwa na hewa, likaanza kugeuka siki huku yeye akisema linakwenda vizuri.

Juni 2022 maduka yakaanza kurudisha makatoni ya mvinyo ule. Elvio alifungua chupa moja, akanywa, hakupata ladha yoyote, lakini koo lilimchoma, akajua, na akajua na sababu. Akayapanga makatoni bandani, akayafunika turubai, akaja kwangu kuniomba lile lile, nisimwambie mkewe. Basi nilikaa mezani kwao majira yote ya joto, kati ya watu wawili waliofichana jambo moja, nikila tambi zao na kutazama sahani, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya, na mpaka leo sijui.

Jumapili tarehe 18 Septemba, wodini, Settimia alimuuliza Elvio kama watu waliupenda mvinyo wa mwaka jana. Elvio akamjibu, "Wameumaliza, mama, hata chupa haikubaki." Mkewe akatabasamu, akalala. Alifariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 21 Septemba 2022.

Leo ni Jumamosi. Asubuhi, kabla ya kuja hapa, Elvio alichota bilauri kutoka kwenye tangi la zabibu za mwaka huu, akaingia nayo jikoni, akasimama na kofia mkononi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ancona, majirani waliokuja kuvuna bila kuitwa, na wenzake wa kiwanda cha mashati waliopanda kilima na mikongojo yao. Baada ya kutoka makaburini karibuni nyumbani, kuna mkate na soseji, na kila mmoja atamiminiwa mvinyo wa mwaka jana. Ni siki, siwadanganyi. Elvio haonji, yeye ataziangalia nyuso zenu, lakini alichomwambia mkewe hawezi kukifanya kiwe kweli peke yake.

Pumzika kwa amani, Settimia, tunakwenda kuumaliza.