Mwenye Kisima cha Mlimani

Uji wa Doña Saturnina hupikwa kwa mahindi ya zambarau na mdalasini, nao hunywewa ukiwa moto kwenye benchi lililo kando ya njia ipandayo mlima, kusini mwa mji wa Cochabamba, nchini Bolivia. Wateja wake wa kila asubuhi ni wawili. Mmoja ni Don Hilarión, ambaye mtaa mzima humwita Redio kwa kuwa hazimwi. Wa pili ni Don Casiano, aitwaye Wakili tangu alipoitwa mahakamani kutoa ushahidi wa kondoo aliyeibwa. Asubuhi hiyo walikuwa na jambo. Serikali ilikuwa imeipa kampuni ya wageni maji ya mji wote, na leo mtu wa kampuni alikuwa anakuja kuchukua kisima cha mtaa, kile walichokichimba wenyewe kwa sururu na majembe. Saturnina alikoroga uji. Bila kisima hicho angerudia maji ya lori, yenye ladha ya kutu, na uji wa maji ya lori aliujua: mbwa huunusa akapita.

— Wataweka mita kwenye kila bomba, alisema Redio.

— Mita si kitu, alijibu Wakili. Sheria inasema hata mvua ni yao.

— Mvua?

— Ikinyesha ukakinga ndoo, wewe ni mwizi.

— Mimi paa langu linavuja. Basi nimekuwa mwizi nikiwa usingizini.

Saturnina alicheka bila kutaka.

— Cheka tu, mama, alisema Redio. Ukipanda mlima huu ukatoka jasho, utamkuta mtu wao juu anakungoja na kipimo.

— Jasho ni la mtu mwenyewe, alisema Wakili.

— Limetoka wapi? Si ulikunywa maji? Maji ya nani?

Wakili alifikiri.

— Hapo umenibana.

— Na padri je? Kwa bei yao ya maji, mtoto atabatizwa kichwa mwezi huu, mwili mwezi ujao.

— Nyie wazee, alisema Saturnina, huyo wa kampuni akija mtamwambia nini?

— Mimi nitamsomea sheria, alisema Wakili.

— Ipi?

— Yoyote. Atajuaje?

Mtu mwenyewe alifika akihema, kijana mwenye shati jeupe na viatu vilivyojaa vumbi. Aliwaamkia vizuri, akanunua uji, akaketi kati yao.

— Samahani wazee wangu. Nimetumwa kukabidhiwa kisima. Mwenyewe ni nani?

Redio alifungua kinywa, akakifunga. Jambo hilo halikuwahi kutokea.

— Mwenyewe, alisema Wakili, ni... Mahali pale alipachagua Doña Saturnina.

— Mimi nilipaonyesha tu. Aliyechimba ni Redio.

— Nilifika kiunoni. Chini ya hapo walichimba wana wa jirani yetu Terceros.

— Mawe walibeba wanawake.

— Na mjane Benita alitupikia siku zote zile.

— Benita si amekufa?

— Fungu lake wanalo wanawe, kule Ajentina.

— Kila nyumba ilitoa mtu, mwanangu, Saturnina alimweleza kijana taratibu. Hakuna iliyokaa nje.

— Naelewa, mama. Lakini lazima awepo mmoja wa kunikabidhi. Siwezi kujikabidhi mwenyewe.

Wakili alikuna kidevu, akatafuta sheria, asiipate. Saturnina aliona mabega ya mzee huyo yakilegea, kama mtu aliyetua mzigo.

— Basi itabidi uwaulize wote, alisema Wakili. Mmoja mmoja. Anza na nyumba ile ya chini kabisa, kisha upande.

Kijana aliinua macho. Nyumba zilipandana mlimani, bati juu ya bati, mpaka zilipokutana na anga.

— Na wale wa Ajentina?

— Hao waache mwisho.

Kijana alilegeza kamba za viatu, akanyoosha kikombe.

— Niongezee, mama.

Saturnina alimjazia mpaka juu.